Mashine Iliyopewa Jina Lako, Mama

Mama, shikamoo.

Nimeandika hilo neno nikainua kichwa kwa mazoea. Ulikuwa unaitikia kabla sijamaliza, "Marahaba, moto umewaka?" Leo nimesubiri, nikasikia kuku tu.

Naandika kwa kalamu ya Wankuru. Mwandiko wangu unaujua, ulisema ni kama kuku amepita kwenye majivu. Wewe kusoma hukujua, na mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo hii barua ni ya watu wawili wasiojua vitabu. Si kitu. Nikimaliza nitakuja hapo nyuma ya nyumba ulipolala, nikusomee mwenyewe polepole. Nimeona niandike kwanza, maana nikija mikono mitupu nitalia na nusu ya maneno nitasahau.

Nina jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mzee Marwa. Shemeji yako anazeeka, anaweza kukufikia huko kabla yangu, na unavyojua anavyosimulia, anaanzia pale panapompendeza yeye. Jambo lenyewe ni hili. Jina lako lilipewa mashine. Matanga yako hayajaisha, na jina likatoka. Aliyelitoa ni Wankuru, mjukuu wako, huko Mugumu alikokwenda likizo ya Juni kujifunza kompyuta na kutengeneza roboti. Ukoo umekaa juu ya hilo. Wamesema jina lirudi, na mtoto asikanyage tena huko. Ngoja nikueleze yote, halafu ukikasirika ukasirike ukiwa unajua.

Kwanza habari za nyumbani. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa jike. Mlango wa jikoni bado unagoma, nimeweka jiwe palepale ulipokuwa unaweka. Jirani yetu Mama Chacha bado anakuja jioni na kiti chake mwenyewe, eti viti vyetu vinamuumiza, na akikaa anageuka upande ule uliokuwa unakaa wewe. Mtoto wetu wa mwisho, Nyanokwe, ameota meno mapya ya mbele. Aliuliza kama kule ulikoenda kuna ugoro. Nilimwambia sijui. Akasema basi wangekuzika na kile kikopo chako. Kikopo ninacho, Mama. Kiko kwenye dirisha la jikoni. Siwezi kukitupa na siwezi kukifungua.

Na ulezi umeota. Ule ulioupanda kwa mkono wako mvua ilipoanza, mimi nikisema, "Mama pumzika," na wewe ukisema, "Nitapumzika ulezi ukiwa ardhini." Ulipumzika kweli. Ulezi ulikuwa haujafika goti tulipokuzika. Siku ileile wazee walisema ulezi huo ndio utakaotumika kumaliza matanga yako, unga wa watu kula na pombe ya wazee, kwa sababu ni jasho lako la mwisho. Kila mtu alikubali. Hakuna aliyeuliza nani atakaa kwenye ulingo kufukuza ndege.

Maana miaka yote ulikuwa wewe. Wewe na Wankuru mmekaa juu ya ulingo na lile debe la mafuta la kutoka Sirari, mnapiga, mnapiga kelele, mnatupa mawe, mnakula viazi vya kuchoma. Nikiwa jikoni nilikuwa nasikia debe lako na kujua uko mzima. Sikujua kama nilikuwa nasikiliza. Nimejua sasa.

Basi Mei ikafika, ulezi umeanza kutoa mashuke, na Wankuru akarudi kutoka shuleni uso unang'aa. Walikuja walimu wa kompyuta, wakatafuta watoto wa kidato cha pili wanaotaka kujifunza likizo, wale ambao hawajui kitu kabisa. Watalala hukohuko Mugumu, upande wa Morotonga, kwenye shule moja yenye umeme. Yeye amechaguliwa.

Nilimuuliza, "Na ulezi wa bibi?"

Akaanza kuchambua mboga ambayo ilikuwa imeshachambuliwa.

Mama, siku hizo nilikutafuta sana. Nilikuwa nalala nikisema kesho nitamuuliza Mama, asubuhi nakumbuka. Niliogopa kila kitu. Niliogopa umeme utamshika. Niliogopa watoto wa mjini watamcheka Kiswahili chake. Niliogopa mtoto wa nyumba yenye msiba kulala ugenini. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa anashika redio yetu iliyokufa, anaifungua, anaifunga, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa atafute panapouma. Nikasema nenda. Ulingo nitapanda mimi.

Mzee Marwa aliposikia alikuja na fimbo yake mpaka mlangoni. "Mama Wankuru, nimesikia mtoto anakwenda kusomea mashine."

"Ndiyo, Baba."

"Na ndege?"

"Nitawafukuza mimi."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe? Wewe unaogopa hata ngazi ya ghala. Ndege watakuja kukucheka, halafu ndiyo wale."

Mama Chacha alikuwa palepale. Akasema, "Mzee, si upande wewe? Una sauti nzuri, ndege wakisikia unakohoa watahamia Kenya."

Alicheka kidogo yule mzee. Kidogo tu.

Nisikudanganye, alisema kweli. Ile ngazi ya ulingo inatikisika, na mimi nikiwa juu kichwa kinazunguka. Ndege walikuwa wanatua upande wa mtoni, nikipiga debe wanaruka, nikikaa wanarudi. Wiki ya kwanza walikuwa wameshanizoea. Nilikuwa napiga vilevile kila mara, tena kwa woga, na ndege si wajinga, walijua nikishapiga nitachoka. Wewe walikuwa hawakuzoei. Sikujua kwa nini.

Na huko juu nikawa nampigia Wankuru simu. Mwalimu wao ni binti mdogo tu, wanamwita Madamu, simu zote zinapita kwake. Nilimpigia asubuhi, nikampigia mchana, mpaka siku moja akasema, "Mama Wankuru, shikamoo. Mtoto amekula, amelala, ameoga, umeme haujamshika. Sasa tumwache ajifunze." Alisema kwa heshima lakini nilielewa.

Wankuru mwenyewe aliponipigia Jumapili alikuwa anacheka hawezi kuongea. Eti siku ya kwanza hawakugusa kompyuta. Madamu alisimama mbele na sufuria, akasema, mimi ni mashine, sijui chochote, nielekezeni kupika ugali. Mtoto mmoja akasema, "Weka maji." Madamu akamwaga maji sakafuni, kwa sababu hakuna aliyesema kwenye sufuria. Mwingine akasema, "Tia unga." Akatia mfuko mzima, na karatasi yake. Wakamwelekeza mpaka jua likageuka na ugali haukupatikana.

"Mashine iko hivyo, mama," akaniambia. "Haijui kitu ambacho hujaiambia."

Nilipokata simu nilicheka peke yangu huko juu, kwa sababu nilijikumbuka mimi. Nilipoletwa hapa nilikuwa binti mwoga, nimetoka Nyamisangura kwenye duka la mjomba, sijui kukamua. Ukaniambia, "Funga ndama." Nikamfunga, mbali kabisa, kwenye mti wa kule chini, mama yake akalia mpaka maziwa yakagoma. Hukunipiga. Ulikaa chini ukasema, "Kosa ni langu. Nilisema funga, sikusema wapi." Wewe ulikuwa mwalimu wa mashine kabla yao, Mama, na mashine ilikuwa mimi.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Wiki ya pili Wankuru akapiga simu, sauti ya haraka, anatumia zamu ya mwenzake kwenye simu ya Madamu. "Mama, bibi alikuwa anapigaje debe?"

"Anapiga tu."

"Hapana, mama. Fikiri. Anaanza vipi?"

Nilikuwa nimeshuka kunywa uji, debe liko shambani. Nikachukua sufuria na mwiko, nikaweka simu chini kwenye kigoda. Nikafumba macho. Mama, mkono wangu ulijua! Mara tatu za haraka. Kimya. Moja. Kimya kirefu, kirefu mpaka mtu anafikiri umelala. Halafu mfululizo kama mvua ya mawe. Nikapiga, nikapiga, machozi yanashuka. Nikasikia mtu nyuma yangu, ni Mama Chacha na kiti chake, ameshika mdomo. Alifikiri msiba umenipanda kichwani, naipigia simu sufuria.

"Kile kimya kirefu ni cha nini?" Wankuru akauliza.

Nikasema, "Hapo alikuwa anavuta ugoro."

Akasema, "Asante, mama," akakata. Hakuniambia anataka kufanya nini, na mimi sikuuliza. Nilifikiri amekukumbuka tu, kama mimi.

Siku ya kufunga masomo walitaka wazazi. Nilipanda pikipiki mpaka barabara kubwa, nikapata gari la Mugumu. Nilivaa ile kanga yako ya bluu. Mlangoni Madamu alinipokea vizuri, akaniuliza, "Baba yake Wankuru atakuja?"

Nikasema, "Aliyenioa amefariki mwezi wa tatu."

"Pole sana, mama. Alikuwa anaitwa nani?"

"Bhoke."

Madamu naye ni binti wa kwetu, nikaona ameelewa. Hakushangaa, hakucheka. Akasema tu, "Basi wewe ndiye wa nyumba yote." Akanipa kiti cha mbele. Nakuambia hili kwa sababu wewe ulikuwa unaogopa watu wa shule wataona haya juu yetu, mwanamke kuolewa na mwanamke. Nakumbuka siku uliyokuja kwetu na ng'ombe wako wa mahari, unioe nizalie nyumba yako, mume wako amekufa hajakuachia mtoto wa kiume, na watu wanasubiri nyumba ifungwe. Ulimwambia mjomba wangu, "Mfanyakazi ningeajiri. Mimi natafuta watu watakaoliita jina la nyumba yangu nikiwa sipo." Nilikusikia nikiwa nyuma ya pazia. Hilo neno nimeishi nalo.

Ndiyo maana yaliyofuata yalinishtua.

Watoto walikuwa wanatoka mmojammoja na mashine zao. Mmoja alikuwa na gari kubwa kama kobe, linafuata mstari mweusi sakafuni bila kushikwa. Nilisimama kuona kama kuna mtu anavuta kamba. Hakuna. Mwingine alikuwa na taa inayowaka ukiipitishia mkono. Waliambiwa kila mmoja aipe kazi yake jina, kwa hiyo moja iliitwa Radi, nyingine Simba Mdogo, na watu wanacheka. Akaja Wankuru wangu. Amekonda kidogo shingo. Ameshika ubao wenye kopo la plastiki, ndani waya, pembeni mota ndogo na kijiti, na mbele ya kijiti debe. Akasema kwa sauti, sijawahi kumsikia na sauti hiyo, "Mimi ni Wankuru, natoka Nyanungu, kwenye nyumba ya Bhoke. Mashine yangu inafukuza ndege. Inaitwa Bhoke."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mikono ilipiga, moyo ulikuwa umesimama. Akabonyeza, haikufanya kitu. Akabonyeza tena. Madamu akataka kusaidia, Wankuru akakataa, akainama akasukuma waya mmoja kwa kucha. Ikapiga. Mara tatu za haraka. Kimya. Moja.

Na kile kimya kirefu kilipofika, watu wote ukumbini walifikiri imeharibika. Mimi peke yangu nilijua inavuta ugoro.

Mama, unisikilize vizuri hapa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu ufe, na hofu ileile, vyote kwenye kifua kimoja. Kwa sababu kwetu jina la marehemu halipewi mwingine mpaka matanga yaishe. Likitoka kabla, linatoka na wewe hujatulia. Na linapotoka linakwenda kwa mtoto, mtoto wa damu na pumzi, atakayekua na kuitwa na kuitika. Wankuru anajua? Anajua kama watoto wanavyojua, kwa kusikia nusu. Njia nzima tukirudi, ubao uko magotini kwake, walimwazima mpaka mavuno, nilitaka kumwambia. Nikamtazama alivyolala ameukumbatia. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake alipanda nao kwenye ulingo, akaufunga na kamba, akaweka kipande cha sola. Siku ya kwanza mashine ilishikwa na wazimu, ikapiga bila kupumua, mbuzi wa Mama Chacha wakavunja zizi. Wankuru akashuka, akatafuta kosa, akasema alisahau kuiambia iache. Akairekebisha. Siku ya pili nilikuwa jikoni nakoroga uji, sikujua kama ameiwasha. Nikasikia mara tatu za haraka. Kimya. Moja. Mwiko ulianguka, Mama. Nilitoka mbio mpaka uwanjani kabla akili haijanirudia.

Ndege hawakuisha, nisiseme uongo. Walikula. Lakini walikuwa wanaruka hawajui lini watapigiwa, kama enzi zako, na ulezi wa upande wa juu ulibaki. Shule zilifunguliwa, Wankuru akarudi darasani, na debe likaendelea.

Aliyetusema ni Nyanokwe. Alikuwa chini ya ulingo, kijiti kimenasa, akapiga kelele kama anavyojua yeye, "Mama! Bhoke amekwama! Bhoke ameanguka!" Na nani anapita na ng'ombe? Mzee Marwa. Alisimama barabarani, ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya watu, hakuwaona. Akaja polepole. "Mtoto, umesema nani ameanguka?" Nyanokwe akamwonyesha kwa furaha.

Jumamosi wakakaa hapa uwanjani, wazee wa ukoo wanne, Mama Chacha kama jirani, mimi, na Wankuru amevaa sare ya shule, sijui kwa nini aliivaa. Mzee Marwa hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeweza kumjibu. Alisema kwa upole, "Jina la mtu linaitwa, na mtu anaitika. Hili bati likiitwa, anaitika nani? Ni yule aliyelala hapo nyuma. Kila siku anaitwa shambani, kila siku anaamka. Atapumzika lini shemeji yetu?"

Mama, nilishindwa. Kwa sababu nami naamini hivyo.

Wakamuuliza Wankuru. Alisimama, mikono nyuma. "Mwalimu alisema tuipe kazi jina. Mimi sikufikiri jina la mtu. Nilifikiri kazi hii ni ya nani. Ni ya bibi." Akaanza kulia. "Sikutaka kumwamsha. Nilitaka asikike."

Mzee mmoja akajikuna. Mwingine akasema, huyu likizo ya Desemba akirudi Mugumu kujifunza tena atachukua jina la nani, si atanifanya mimi niwe redio? Mama Chacha akamjibu, "Wewe redio gani, kila siku stesheni moja." Wakacheka, hata mimi, lakini Marwa hakucheka. Akasema, "Jina lirudi leo. Na Mugumu iishe. Mtoto akitoka tena atatoka na jina jingine." Kisha akanigeukia. "Lakini mwenye nyumba ni wewe. Bhoke alikuoa wewe, si sisi. Sema."

Mimi, Mama. Weigesa aliyemfunga ndama mbali. Nilitafuta wewe ulipo niseme, Mama atajibu. Kiti chako kilikuwa kitupu na watu wote wananitazama.

Nilisimama. Nikachukua unga wa ulezi na maji kwenye kibuyu kidogo, nikaenda shambani, wakanifuata. Nikapanda ile ngazi. Nikanyunyiza kwenye debe na ubao, mbali na waya maana Wankuru alikuwa ananong'ona chini, "Mama, waya! Mama, waya!" Nikasema, "Bhoke, si wewe. Hukuitwa. Mtoto amekosea kwa kukupenda. Jina ni lako, rudi ulale." Nikashuka.

Mzee Marwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema, "Vizuri. Na Mugumu?"

Nikasema, "Baba, jina nimerudisha. Mtoto sirudishi."

Sikujua kama nitasema hivyo. Lilitoka. Nikaongeza kwamba wewe hukutoa ng'ombe wako ili watoto wa nyumba hii wakae kimya. Kwamba nimemsikia Wankuru akitaja nyumba ya Bhoke mbele ya watu wasiomjua Bhoke, na ukumbi mzima ukasikia. Kwamba amekosea kwa sababu hatukumwambia, tulisema funga, hatukusema wapi. Hilo la mwisho hawakulielewa, lilikuwa letu wawili. Nikasema Desemba ataenda, na akirudi na kosa jingine tutakaa tena hapahapa, nitapika mimi.

Mzee Marwa aliokota fimbo yake akaondoka. Tangu siku hiyo hajapita hapa kusalimia, anazungushia ng'ombe wake njia ya juu. Nina hofu, sifichi. Mlezi wa nyumba hii alikuwa yeye kwa upande wa wanaume, na matanga yako hayaishi bila yeye kukaa mbele. Nitamfuata kabla ya mavuno, nitapeleka togwa, nitamsalimia mpaka aitikie. Lakini neno langu sitalimeza. Wewe mwenyewe hukumeza lako, na ukoo wote ulikuwa umekugeuzia mgongo ulipotaka kunioa.

Wankuru ameniuliza mashine aiite nini sasa. Nilimwambia aiite mashine. Akauliza pia kama afute kile kimya kirefu, kwa sababu ya wazee. Nikamwambia jina limeondoka, kimya kikae. Ndege hawajui kusubiri, na si dhambi kuwafundisha.

Mama, mkono umechoka, na uji unataka kuungua. Nakuaga kama ulivyokuwa unaniaga mimi nikienda gulioni, bila kunishika mkono, unasema tu, "Nenda, nimekuona." Nimekuona, Mama. Ulezi wako nitauvuna mwenyewe, uliobaki, na watu watakula wakitaja jasho lako. Matanga yakiisha, jina lako nitalitunza mpaka apatikane mtoto wa kulibeba, awe wa Wankuru au wa Nyanokwe, hata nikingoja uzeeni. Na Desemba nitabeba begi la Wankuru mpaka barabarani, watu wakinitazama. Nakuahidi hayo matatu. Moja nikishindwa, uje unidai.

Pumzika sasa. Ukisikia Bhoke kuanzia leo, ujue si bati. Ni sisi tunakuita. Usiitike ukiwa umechoka.

Mkeo,
Weigesa